Wawili jina moja, parokia moja ya Norfolk: nimshike yupi?

FundiShella (Malindi)

Assalaam aleykum, wakubwa kwa wadogo. Swali langu ni la makaburi ya Uingereza. Najua wapo watakaocheka, lakini humu nimeona watu wakisaidiana mpaka hati za mashamba za enzi za mkoloni, kwa hivyo najitosa.

Mimi ni mtunza nyumba hapa Shella. Shella ya Malindi, si Shela ya Lamu, msije mkaniuliza habari za Manda. Mwenye nyumba ni mzee wa Kiingereza aliyezeekea hapa hapa. Amekaa Malindi miaka mingi kuliko umri wangu. Kiswahili chake ni cha kununulia samaki na kugombana na mafundi, ila hicho anacho kamili. Macho yamepungua, na miguu haimfikishi tena ufuoni. Tangu afiwe na mkewe ana hamu moja tu, kujua watu wake walikuwa akina nani. Shangazi yake alimwachia bahasha ya karatasi na picha, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kompyuta humu ndani, jioni nikishamwagilia maua tunakaa barazani, mimi nasoma, yeye ananiambia, "Haya, endelea."

Watu wake ni wa kijiji kimoja cha Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Jina la ukoo naliacha, si langu kulitangaza. Kurudi nyuma kuanzia kwake hakukuwa kazi kubwa. Kule serikali imeandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu 1 Julai 1837, na sensa ipo kila miaka kumi. Nikashuka kizazi baada ya kizazi mpaka kwa William, kibarua wa shamba. Sensa ya 1851 inasema ana miaka 58, kazaliwa kijiji hicho hicho, mke Hannah, watoto kadhaa. Ile ya 1841 inasema ana miaka 45, na nyumbani yumo mwanamke aitwaye Elizabeth na watoto. Kafa Machi 1868, umri 75.

Hapo ndipo nilipokwama. Kabla ya 1837 inabidi nisome vitabu vya kanisa, na kitabu cha ubatizo kina William wawili wa ukoo huo huo:

Oktoba 1792, mwana wa John na Mary. Kasisi kaandika kwa mkato, "Wm" na "Jno", na pembeni kuna herufi P peke yake.

Februari 1793, mwana wa Thomas na Susan. Huyu hana P.

Nimepiga hesabu ya umri kila upande. Wote wawili wanafaa 1841, wote wanafaa 1851, wote wanafaa 1868. Wamepishana miezi minne tu.

Mzee wangu yeye keshaamua. Katika bahasha mna picha aliyopiga shangazi yake miaka ya sabini, jiwe la kaburi la Thomas na Susan, karibu na mlango wa kanisa. Jiwe limesimama vizuri, limechongwa maua juu, limeandikwa kwamba Thomas alikuwa mkulima na alifariki 1831. Chini kuna mstari unaoanza na "pia", halafu nyasi zimefunika. Anaitazama picha ile kama mtu aliyepata hatimiliki yake iliyopotea. Mimi nina wasiwasi. Mkulima mwenye jiwe kama lile, mwanawe awe kibarua wa kulima kwa watu?

Nisaidieni. Nitamjuaje wa kweli? Na hiyo P ni nini?

KahawaTungu (Mombasa)

Fundi, na wewe babu wa babu yako aliitwa nani? 😂

FundiShella

Nawajua mpaka wa saba. Bibi yangu alinikaririsha nikiosha vyombo, nikikosea naanza upya, kuhesabu na kuosha. Tuendelee.

Mtafiti254 (Nairobi)

Bro hii ni rahisi. Kuna tovuti za kulipia, Ancestry, Findmypast na kadhalika. Nimeingia kwa akaunti ya rafiki, nimeangalia kijiji ulichonitumia inbox. Kuna watu watatu wameweka mti wa ukoo huo na wote wameandika baba ni Thomas. Watatu kwa watatu. Kesi imefungwa, mwambie mzee alale.

BintMkomani (Norwich)

Kesi haijafungwa. Mmoja alikisia na wawili wakanakili. Humu mitandaoni watu huchukua mti wa mwenzao mzima mzima, pamoja na mama aliyezaa akiwa na miaka minane. Iweke kando hiyo miti.

Fundi mdogo wangu, wa aleykum salaam. Mimi ni wa Lamu, mtaa wa Mkomani, niko Norwich na kazi yangu ni kutunza wazee, kwa hivyo huyo mzee wako namjua bila kumwona. Mmoja wa wazee wangu ndiye aliyenitia katika mambo ya rejista, na sasa siponi.

Nianze na P. Kuanzia Oktoba 1783 hadi 1794 serikali ya huku ilitoza kodi ya stempu, peni 3 kwa kila ubatizo, ndoa au mazishi yaliyoandikwa kitabuni. Kasisi ndiye aliyeikusanya. Maskini anayesaidiwa na parokia alisamehewa, na kasisi akatia P, au akaandika neno zima la kusema huyu ni fukara, ili asije akadaiwa pesa ambazo hakuzipokea. Basi ile Oktoba 1792 John na Mary walihesabiwa katika mafukara. Au tuseme kasisi aliwahurumia, maana makasisi wengine hawakuwa wakali sana na peni 3 za watu. Thomas yeye alilipa. Baada ya 1794 P zitatoweka hata kwa wale wale maskini. Usidhani wametajirika, ni kodi iliyofutwa.

Sasa shida yenyewe. Wewe unatafuta yupi ni wake. Hapo utazunguka mpaka uchoke, kwa sababu kitabu cha ubatizo kinakwambia mtoto aliletwa kanisani, basi. Hakikwambii kama alikua. Tafuta kwanza yupi alikufa. Fungua kitabu cha mazishi, anzia Oktoba 1792, soma ukurasa kwa ukurasa mpaka upite 1815. Mimi hapa simkubali William yeyote mpaka nimemzika mwenzake.

Watoto walikufa wengi nyakati zile, na wazazi hawakuona vibaya kumpa anayefuata jina la marehemu. Kwa hivyo tazama na ubatizo wa miaka iliyofuata. Ukiona Thomas na Susan wanambatiza William mwingine 1797 au 1799, hiyo ni dalili kubwa kwamba wa kwanza hayupo, hata kama mazishi yake huyaoni. Ujue pia kwamba kabla ya 1813 mazishi yaliandikwa kwa namna kila kasisi alivyopenda. Mmoja ataandika "mwana wa fulani na fulani", mwingine jina na tarehe tu akaenda zake. Kuanzia 1813 ndipo vitabu vya fomu zilizochapishwa vilipokuja, mazishi yakawa na umri na makao, ubatizo ukawa na kazi ya baba. Kama ukurasa umeliwa na unyevu, uliza nakala za askofu. Tangu 1598 parokia zilitakiwa kunakili kitabu cha kila mwaka na kupeleka juu. Mara nyingine nakala imepona na kitabu chenyewe kimeoza, mara nyingine kinyume chake, na mara nyingine vinagombana, kila kimoja na tarehe yake.

Halafu kuna jambo umelitaja ukalipita. 1841 nyumbani yumo Elizabeth, 1851 mke ni Hannah. Umesoma ukaendelea!

Sensa ya 1841 haisemi nani ni nani wa nani. Inaorodhesha watu waliolala nyumbani, na umri wa watu wazima iliuteremsha hadi namba ya chini inayogawika kwa tano, ndiyo maana William wa miaka 48 ameandikwa 45. Lakini tuseme Elizabeth alikuwa mkewe naye akafa. Basi William alioa tena kati ya 1841 na 1851. Na ndoa ya baada ya 1 Julai 1837 ina fomu mpya, yenye nafasi ya kuandika baba wa bwana harusi na kazi ya baba huyo. Hata mtu mzima wa miaka hamsini, aliyefiwa na mke, aliulizwa, baba yako nani? Akajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Ushahidi huo unaushinda mti wowote wa mtandaoni.

Usikimbilie kununua cheti. Kama alioa kanisani, kitabu cha ndoa cha kanisa kina fomu hiyo hiyo, na picha za vitabu vingi vya Norfolk zimo kwenye tovuti ya FamilySearch bure, ni kujiandikisha tu. FreeREG nayo ni bure, ni kazi ya watu wa kujitolea walionakili vitabu kwa mkono. Faharasa, yaani orodha ya majina ya kutafutia, ikisema hakuna, usiiamini haraka, soma kurasa mwenyewe. Faharasa zimetengenezwa na binadamu waliochoka macho.

Na ndoa ya kwanza itazame vile vile. Sheria ya 1753, iliyoanza kutumika 1754, iliwataka bwana na bibi harusi watie saini au alama, na mashahidi pia. Wengi wataweka msalaba. Mashahidi mara nyingi ni ndugu wa karibu, na kibarua hamwiti shahidi kutoka mbali. Angalia pia vijiji vya jirani. Bwana harusi alikwenda kuoa kwa kina bibi harusi, huku kama kwetu.

Mzee mwambie asubiri kidogo na hilo jiwe lake.

MzeeWaMilango (Lamu)

Bint Mkomani kamaliza ya vitabuni, mimi niseme ya mawe, maana ndiyo niliyoyaona kwa macho. Mimi fundi wa milango, na watu wa makumbusho wamenibeba mara nyingi kwenda nao kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda.

Mwanangu Fundi, kaburi la nguzo la Takwa lina maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683 kwa hesabu ya Wazungu. Ukienda saa sita mchana hulisomi. Jua limekaa kichwani, jiwe linakuwa jeupe lote. Nenda jua likiwa chini, mwanga uje kwa ubavu, kila herufi itajitilia kivuli chake. Wataalamu wakikosa jua la ubavu hushika kioo kikubwa wakaurusha mwanga kwa upande. Tochi usiku inafanya kazi ile ile. Jiwe la Norfolk halina tofauti katika hilo. Ni chokaa tu, na chokaa huliwa na mvua kama vile matumbawe yetu yanavyoliwa na chumvi.

Asije mtu akalisugua kwa brashi ya waya. Wala chaki, wala sabuni, wala ile povu ya kunyolea ndevu ambayo wengine huipaka ili picha itoke vizuri. Zile kuvu za kijivu na manjano zilizoshika jiwe zimekaa hapo miaka na miaka, ukizing'oa unang'oa na ngozi ya jiwe, herufi zinakwenda nazo. Nyasi zisogezwe kwa mkono, basi.

Halafu jiwe lisifanywe shahidi wa kila kitu. Jiwe huwekwa na aliye hai, pengine miaka kumi baada ya maziko, na umri alioukumbuka mtoto. Kwenu Malindi nguzo za Msikiti wa Jamia mnaziona tangu barabarani, ila kuonekana si kusomeka. Pale Gedi lipo kaburi lenye tarehe, 802 ya Hijria, sawa na 1399, na kwa sababu lina tarehe limekuwa mashuhuri, kana kwamba waliobaki hawakufa. Huyo John wako mwenye P hana jiwe, nina hakika. Maskini alizikwa, udongo ukasawazishwa, miaka michache baadaye akazikwa mwingine juu yake. Mzee wako anampenda Thomas kwa sababu Thomas ameacha kitu cha kupigwa picha.

Mtafiti254

Sasa mzee umenifanya nijisikie vibaya na miti yangu mitatu.

BintMkomani

Ulivyonitumia jina la kijiji nimekuta si mbali na kwangu, basi Jumapili nikiwa sina zamu nimekwenda. Kanisa dogo la gumegume, mnara wa duara, ya namna hii Norfolk imejaa. Nimefika ibada imekwisha, akina mama wawili wanafunga mlango. Wameniona na hijabu yangu na tochi nikachutama makaburini, wakadhani nimepotea. Nikawaeleza kwamba nimetumwa na mtunza nyumba wa Malindi. Mmoja akaniletea chai kwa chupa na kuanza kunionyesha wa kwao.

Jiwe lipo, ila limehamishwa. Halisimami tena karibu na mlango. Limeegemezwa ukutani pamoja na mengine, nadhani ili mashine ya kukata nyasi ipite. Hii mtu aijue, jiwe kuwa hapa si lazima mtu awe hapa. Faida yake kwetu ni kwamba sehemu ya chini iko nje ya udongo sasa. Nikafunika jiwe kwa koti, nikalaza tochi ubavuni kama alivyosema Mzee wa Milango. Mstari wa "pia" unasema hivi kwa lugha yetu: pia watoto wao wanne, waliofariki wangali wachanga.

Majina hakuna. Kwa hivyo jiwe limetusogeza lakini halijaamua. William wa Thomas anaweza kuwa mmoja wa hao wanne, anaweza asiwe. Picha nimekutumia. Rudi kitabuni.

FundiShella

Nimerudi, jamani. Bando limekwisha, stima imekwenda ikarudi, lakini kazi imefanyika. Shukran Bi Mkomani, shukran ami wa Lamu, Mungu awazidishie.

Kwanza ndoa. Tumeipata, 1844, kanisa la kijiji cha pili. William, kafiwa na mke, kibarua, anamwoa Hannah, kafiwa na mume. Baba wa William: John, kibarua. Ametia msalaba, na msalaba wenyewe umepinda, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Mzee ameusogeza uso mpaka kwenye kioo cha kompyuta akautazama sana.

Lakini nilikuwa na maneno yako kichwani, kwamba mtu asikubaliwe mpaka mwenzake azikwe, kwa hivyo sikuishia hapo. Mazishi, Januari 1795: William, mwana wa Thomas na Susan. Umri hakuna. Na 1798 Thomas na Susan wanambatiza William wa pili. Huyo wa 1798 asingekuwa na miaka 58 mwaka 1851, na nimemwona mwenyewe kwenye sensa hiyo, kijiji hicho hicho, mkulima, ana wafanyakazi wake. Kwa hivyo William wawili walikuwapo kweli wakati mmoja, ila si wale niliowadhania.

Ndoa ya kwanza, 1816, Elizabeth. Shahidi mmoja ni Robert wa ukoo huo. Nimemfuata Robert kwenye ubatizo, nimemkuta 1789, mwana wa John na Mary. Ana P naye.

Sasa ya mzee. Nilimwogopea. Mtu amelipenda jiwe, halafu mtunza nyumba wake anakuja kumwambia si lako, wewe ni wa wale wasio na jiwe. Nikamsomea yote kwa mpango, sikuacha kitu. Akauliza peni 3 zilikuwa pesa ngapi kwa kibarua wakati ule. Nikamwambia sijui, lakini zilimshinda. Akacheka mpaka akakohoa, akasema basi watu wake wamekwepa kodi tangu zamani, na yeye ameendeleza. Halafu akaniambia nikae, akanipigia kahawa yeye mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba hii, na kahawa ilikuwa mbaya sana.

Picha ya Thomas hajaitupa. Ameirudisha kwenye bahasha. Anaamini Thomas na John walikuwa ndugu, mmoja akapata shamba na mwingine akakosa, na hilo ndilo linalomkasirisha sasa, kana kwamba limetokea juzi. Mimi sina uthibitisho wa undugu. Thomas kabatizwa pale kijijini 1761. John hayumo. Nimesoma 1745 mpaka 1770, hakuna John wa ukoo huo kabisa. Mzee anataka kujua katoka wapi, na anataka kujua parokia ilimpa nini. Hayo yanatafutwa wapi?

KahawaTungu

Naomba nifute ile comment yangu ya kwanza. Endeleeni, niko hapa nasoma na mbaazi zangu.

MzeeWaMilango

Fundi, ulivyosoma hiyo miaka ya 1745 na kuendelea, umezingatia hesabu yao ya mwaka? Waingereza mpaka 1751 walianza mwaka wao 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Februari 1749 kwa kitabu, kwetu leo ni Februari 1750. Halafu Septemba 1752 wakaruka siku 11, tarehe 2 ikafuatwa na 14. Sisi tunaoanza kuhesabu mfunguo mosi Ramadhani ikiisha hatuwezi kuwacheka. Sisemi John atatokea, nasema usimwandike mahali tarehe zake zikakataa.

Na hilo la ndugu kugawana vibaya, mwambie mzee hata huku Lamu lipo, tena lina kesi mahakamani.

BintMkomani

Fundi, umefanya kazi nzuri, hasa kumfuata yule William wa 1798. Wengi wangeishia kwenye cheti cha ndoa.

John kutokuwamo kitabuni inaweza kuwa na sababu tatu, na moja ndiyo itakayokufaa. Pengine wazazi wake hawakuwa watu wa kanisa rasmi. Norfolk ilikuwa na madhehebu mengine mengi, na vitabu vyao vingi viko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew. Pengine kasisi alisahau. Au John hakuzaliwa pale, na hii ndiyo nzuri, kwa sababu alikuwa fukara.

Fukara wa parokia moja hakuruhusiwa kuwa mzigo wa parokia nyingine. Tangu sheria ya 1662 mgeni aliyeonekana ataomba msaada aliitwa mbele ya mahakimu, akaulizwa kazaliwa wapi, kafanya kazi kwa nani, mwaka mzima au nusu, kapanga nyumba ya kodi gani. Majibu yaliandikwa. Wasiporidhika walimrudisha kwao pamoja na mke na watoto. Tajiri hakuulizwa chochote, kwa hivyo hakuacha maneno yake popote ila kwenye wosia. Fukara ndiye aliyehojiwa. Hayo mahojiano yakiwapo, utasoma maisha ya John kwa kurasa nzima, mambo ambayo jiwe la Thomas halitakupa kamwe.

Na alichopewa kiko katika vitabu vya hesabu vya wasimamizi wa maskini wa parokia, kabla ya mfumo kubadilishwa 1834. Humo utakuta viatu, kuni, kodi ya nyumba, shati la mtoto, jeneza. Kila kitu na bei yake na jina la aliyepewa.

Karatasi hizi mara nyingi hazimo mtandaoni. Andikeni barua pepe kwa Norfolk Record Office, hapa hapa Norwich. Taja jina la parokia, taja miaka 1785 hadi 1800, uulize mambo mawili tu: hesabu za wasimamizi wa maskini zimebaki? Na karatasi za mahojiano ya makao zimebaki? Usiwaandikie hadithi yote ya mzee, wana barua nyingi. Wakijibu zipo, niambie namba ya kumbukumbu. Nikipata siku bila zamu nitakwenda nizipige picha, ukinihakikishia kwamba kahawa hataipika yeye nitakapokuja likizo.